Ugaidi ni jibu la dhulma? Watu wa Lamu tuongee

Mwana wa Langoni (mwanzo wa uzi)

Assalam aleikum wote, na wasiokuwa Waislamu habari zenu. Jana baada ya isha tulikuwa Mkunguni mbele ya ngome tunakunywa kahawa tungu, ukaanza ubishi ambao mpaka sasa unanizunguka kichwani. Mzee mmoja kashika msimamo kwamba hawa magaidi wamezaliwa na siasa za Marekani na wenzake za kuingia nchi za watu, wangekaa kwao hakuna ambaye angelipua kitu. Mwalimu mmoja kijana akamwambia mzee wangu shikamoo yako iko palepale lakini hayo maneno ni kuwaosha mikono wauaji. Wakapandishiana sauti mpaka mwenye kahawa akakusanya vikombe vyake. Mimi sikusema kitu pale ila nimeamka na jambo la kusema, na ni refu, mwenye haraka apite tu.

Nianze na mzee, manake ana haki yake. Lebanon kabla ya 1982 Israeli haijaingia na jeshi lake hakukuwa na Hizbullah, wao wametokea baada ya kuvamiwa. 23 Oktoba 1983 lori la mabomu likaingia kambi ya Wamarekani pale Beirut wakafa wanajeshi 241, na Wafaransa 58 asubuhi ileile, mwaka uliofuata Marekani ikaondoa askari wake. Kuna msomi wa chuo kikuu cha Chicago anaitwa Robert Pape, alikusanya mashambulizi ya kujitoa mhanga ya dunia nzima kutoka 1980 hadi 2003 akaona mengi sana nyuma yake kuna jeshi la kigeni limekaa kwenye ardhi ambayo wale watu wanaiita yao, na kundi lililoongoza kwa hesabu hata si la Waislamu, ni Watamil wa Sri Lanka. Hilo naliweka wazi kwa sababu kila kukitokea jambo sisi wenye kanzu na kofia ndo tunateremshwa kwenye basi tukaguliwe peke yetu.

Na hapa mlangoni kwetu, Somalia. Disemba 2006 Ethiopia iliingia Mogadishu kuwaondoa wale wa mahakama za Kiislamu waliokuwa wameushika mji. Shabaab wakati ule walikuwa kikundi ndani ya zile mahakama, Ethiopia ilipoingia wakapata la kuwaambia watu, njooni tumfukuze mvamizi, na vijana wakajaa. Mtu anayefuatilia mambo ya Somalia hawezi kukataa hilo.

Sasa nageuka kwa mwalimu. Mwaka 1998 Kenya ilikuwa na jeshi gani kwenye nchi gani ya Kiislamu? Bin Laden, mkuu wa Al-Qaeda, alitoa tamko lake Februari mwaka ule, malalamiko yake majeshi ya Marekani kukaa Saudia, vikwazo vya Iraq, na Palestina. Haya. 7 Agosti wakapiga balozi mbili za Marekani, Nairobi wakafa watu zaidi ya 200 na Wamarekani ndani yake ni 12. Dar es Salaam wakafa 11, Mmarekani hakuna hata mmoja. Nairobi walikufa watu waliokuwa kwenye basi, na wasichana waliokuwa wanasomea ukarani jengo la jirani. Yaani hasira ni ya Baghdad na Riyadh, kilio kikaangukia mama wa Kangemi. Mimi najua mtu aliyedhulumiwa akijibu, jibu linamwelekea aliyemdhulumu. Sasa likimwendea mwingine ambaye kisa chenyewe hakijui, tunaliitaje jibu?

Naweka simu kwenye chaji narudi.

Mwana wa Langoni

Nimerudi. Nataka kuacha Beirut nije nyumbani.

Kuna nyumba naijua, mtaa siutaji. Mama ana watoto watatu wa kiume, wote tumesoma chuo kimoja kwa maalimu mmoja, baba yao mvuvi wa jarife. Wasiojua, jarife ni nyavu ya macho makubwa, unaitupa jioni inalala na maji, alfajiri unaenda kuipandisha. Ni nyavu ya usiku, mchana haina kazi. Baada ya yale ya 2011, yule Muingereza kuuliwa Kiwayu na mkewe kuchukuliwa, halafu wiki chache mama wa Kifaransa akatekwa Manda, tukapigwa marufuku kuvua usiku na marufuku ile ikakaa miaka. Jarife ya yule mzee ikaangikwa kwenye mkungu uani. Nimeiona mwenyewe, panya wametoboa pembe moja, kuku wanataga chini yake, maboya watoto wanayachuna moja moja kuchezea. Mzee akawa kila asubuhi anaigusa tu anapita, anaenda kukaa dakani. Hiyo ni kazi aliyoachiwa na baba yake.

Mwana wa kwanza alikuwa Mombasa anafanya kazi dukani. Alichukuliwa 2013 akitoka msikitini alfajiri, watu wamevaa kiraia, wakamtia kwenye gari. Mama yake ameenda kila kituo na kila mochari. Kesi hakuna, maiti hakuna, mpaka leo hajui kama avae eda ya mwanawe ama amuombee arudi, na msinisahihishe najua eda si ya mwana, ndivyo anavyosema yeye mwenyewe. Wa pili haukufika mwaka akaondoka, baadaye tukasikia yuko ng'ambo ya mpaka, baadaye tena tukasikia ameshakufa. Wa tatu yuko hapa hapa, mnapanda boti yake kwenda Mokowe na hamumjui.

Nyumba moja, dhulma moja, na bado mmoja kaenda mmoja kabaki. Siku moja tuko chomboni tumetia nanga tunangoja maji, nikamuuliza, we mbona hukwenda? Akaniambia yule mtu aliyemjia ndugu yangu alinijia na mimi, maneno yaleyale, ndugu yako wamemchukua, bahari wameifunga, ardhi wamegawana, wangoja nini? Kila neno lilikuwa kweli, asema. "Nikamuuliza, nikienda ndugu yangu atarudi? Akanyamaza. Nikajua huyu hakuja kwa ajili ya ndugu yangu, amekuja kunichukua mimi."

Wallahi hayo maneno yamenifundisha kuliko vitabu vyote. Yule mjumbe hakuwa na haja ya kusema uongo. Dhulma ameikuta imeshapikwa, yeye kaja na sahani tu. Umoja wa Mataifa, shirika lao la maendeleo, walitoa utafiti 2017 wakaongea na karibu watu 500 waliojiunga kwa hiari yao na makundi ya Afrika, wengi Shabaab na Boko Haram. Walipoulizwa ni nini kilichowasukuma mwisho, 71 kwa kila 100 wakasema ni jambo lililofanywa na serikali, ikiwemo ndugu ama rafiki kuuawa au kukamatwa. Na 57 kwa kila 100 wakakiri dini yenyewe hawaijui vizuri ama hawaijui kabisa. Kwa hivyo tunaposema kijana amejibu dhulma, kijana ndiyo. Lakini aliyemtuma pale alikomtuma, yeye anajibu nini?

Wa Mpeketoni

Kaka nimesoma yote na nimengoja nitulie ndo niandike. Pale uliposema maneno yote ya yule mjumbe ni kweli, pamoja na "ardhi wamegawana". Ulikuwa unamaanisha nani? Manake mimi nimezaliwa Mpeketoni, mama yangu kazaliwa Mpeketoni. Babu yangu aliletwa na serikali miaka ya 1970 kwenye skimu ya Ziwa Kenyatta, akapewa ekari zake kwenye kichaka kitupu, akachimba visiki kwa mkono, malaria ikamuulia watoto wawili. Hakumfukuza mtu.

15 Juni 2014 tulikuwa tunatazama Kombe la Dunia. Mjomba wangu alikuwa na kiduka cha simu karibu na stendi. Shabaab walipoanza kupiga risasi alizima taa akalala chini ya meza, wakamtoa, wakamuuliza jina. Jina tu. Hawakumuuliza hati ya shamba, na shamba hata hakuwa nalo, alikuwa amepanga chumba. Sisi tulilala kwenye mihogo mpaka kukacha, mdogo wangu nimemziba mdomo kwa kiganja, alinikata kwa meno na kovu ninalo. Kisha redioni nasikia wametoa ujumbe, ati ni kwa ajili ya ardhi za Waislamu na mashekhe waliouawa, na pia jeshi la Kenya lililoko Somalia. Na Rais wa wakati ule naye akasema ni siasa za hapa nyumbani. Kila mtu ana maelezo. Mjomba wangu kageuka maelezo ya watu.

Mimi sisemi Waamu hawana malalamiko. Nasema ukiyaandika karibu karibu na ile maiti unanipa kazi ngumu ya kukusoma.

Mwana wa Langoni

Ndugu yangu wa Mpeketoni, pole, na naomba radhi kwa lile neno nilivyoliacha bila kulifafanua. Asubuhi ile mimi nilikuwa jeti ya Mokowe, niliona watu wako wakishuka kwenye malori na magodoro, kuna mama alikuwa ameshika sufuria ina maharage mabichi ndani, alikuwa anaenda kuyabandika walipoanza, akakimbia nayo usiku kucha. Sikuwahi kumsahau.

Kuhusu ardhi ntasema navyoamini. Watu wa hapa, Wabajuni hasa, walitolewa vijiji vyao vya bara wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960, wakakimbilia visiwani, na wengi hawakurudi tena. Wengi hati hawana mpaka leo. Halafu miaka haijapita mingi serikali ikaleta watu wengine na kuwapa karatasi. Hayo ni malalamiko ya haki, na wa kulalamikiwa ni wale waliokaa ofisini wakachora ramani. Babu yako hakuchora ramani. Na wewe umesema jambo zito kuliko langu, hawakuuliza hati. Mtu aliyekuja kudai shamba angeuliza shamba. Tena niulize, baada ya ile damu ni Mwamu gani, Mbajuni gani aliyepata hata ngwe moja? Tulichopata ni kafyu. Waboni walichopata ni operesheni ya 2015 ndani ya msitu wao, mtu aliyekuwa akiishi kwa asali na mizizi ya msitu anaambiwa usiingie utapigwa risasi. Yaani wale waliosema wanawapigania watu wa hapa hawakuwaachia watu wa hapa kitu.

Bint Siyu

Kaka yangu mwenye uzi, umeanza mbali ukapita kwetu bila kusimama. Ngoja nisimamishe mimi.

Sisi Siyu 2002 tulikuwa na shida zetu, maji ya visima ya chumvi, zahanati haina dawa, shule haina walimu. Palestina tulikuwa tunaiombea dua ijumaa kama Waislamu wote. Akaja mgeni, Mkomoro, ana adabu, akafundisha chuoni watoto wetu, akaoa mtoto wa watu pale pale. Hakuna aliyemjua. Jina lake la kweli tumelijua baadaye, Fazul Abdullah Mohammed, alikuwa anatafutwa kwa yale mabomu ya balozi ya 1998. Yeye hakuja kwa sababu sisi tumedhulumiwa, alikuja kwa sababu kwetu ni mbali na hakuna wa kuuliza. Hasira alikuja nayo, haikuwa yetu.

Halafu baada ya ile hoteli ya Kikambala kulipuliwa Novemba 2002 ndo dhulma ikaja. Maboti ya askari alfajiri, milango inavunjwa, wanaume wanatolewa na vikoi vya kulalia, bibi yangu alianguka kwenye ngazi ya mawe akavunjika nyonga akakaa kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Walioshtakiwa wanne mahakama iliwaachia huru 2005, lakini mji wetu ulishapata jina. Mmoja wa wale wanne ni Aboud Rogo, mzaliwa wa kwetu, na yeye nani asiyejua, 27 Agosti 2012 akapigwa risasi barabarani Mombasa yuko na mkewe garini, polisi wakakana, mji ukawaka. Mimi mahubiri yake nilikuwa nayakataa. Lakini mtoto wa miaka kumi na tano hapa Siyu alichokiona si mahubiri, aliona mtu wa kwao kauawa na hakuna aliyefungwa.

Kwa hivyo mkiuliza kipi kilitangulia mimi nawaambia kwetu ugaidi ulitangulia. Dhulma ilikuja nyuma yake ikaulisha.

Mwana wa Langoni

Dada Bint Siyu hapo umenigeuza. Mimi nilikuwa nimeipanga dhulma mbele ugaidi nyuma, kama gari na tela. Ulivyosema ni kama mdomo unaouma mkia. Na naanza kufikiri huenda wale wakubwa wao wanajua kabisa, wanapiga ili tupigwe, manake tukipigwa ndo wanapata watu. Nitalifikiria zaidi.

Kadzo wa Malindi

Mimi Mgiriama, huku Malindi. Sina mengi. Kikambala 28 Novemba 2002 walikufa Wakenya kumi na Waisraeli watatu. Kati ya wale Wakenya kuna wacheza ngoma waliokuwa wanapokea wageni, wamefunga hando, wamevaa njuga miguuni. Shangazi yangu alikuwa mcheza ngoma wa mahoteli ya huku kwa miaka, wale alikuwa anawajua. Baada ya hapo njuga zake alizitia kwenye gunia la mahindi na hajazitoa.

Sasa mnisikilize. Waingereza 1914 walichoma nyumba zetu, wakalipua Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, kwa baruti, wakatuamuru tuihame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili, mama aliyeongoza upinzani wetu, wakamkamata wakampeleka mbali kule Kisii. Mpaka leo Mgiriama ni skwota kwenye shamba alilozikwa babu yake, mwenye hati anaonekana mara moja kwa miaka kumi akija na tingatinga. Kama dhulma peke yake inazaa mabomu basi sisi tungekuwa tumelipua pwani nzima. Tunaenda mahakamani, tunaandamana, tunapigwa, tunarudi tena. Mnisaidie kuelewa hilo.

Mtu wa Faza

Kadzo umesema kweli lakini mimi nina wasiwasi na neno lenyewe ugaidi. Mau Mau waliitwa magaidi, kiongozi wao Kimathi kanyongwa 18 Februari 1957 kama muhalifu. Mandela alikuwa kwenye orodha ya Marekani ya magaidi mpaka 2008, rais mstaafu mzima na nishani ya Nobeli! Mwenye nguvu ndo anayegawa majina. Ndege isiyo na rubani ikiua harusi kule Yemen haiitwi ugaidi. Na swali langu lingine kwa mwenye uzi, jeshi letu likitoka Somalia hawa si watatuacha? Liliingia Oktoba 2011, maduka ya Westgate Nairobi ni 2013 wakafa 67, Garissa chuoni 2 Aprili 2015 wakafa 148, na kila mara wanasema wazi kabisa, tokeni.

Mwana wa Langoni

Ami yangu wa Faza, la majina nakubali na mfano uko hapa hapa Witu. 1890 Wajerumani na Waingereza walibadilishana, Witu ikatolewa kwa Muingereza na Sultani Fumo Bakari hakuulizwa, yeye alikuwa na mapatano na Mjerumani. Mwezi Septemba Mjerumani mmoja na wenzake wakauawa pale. Oktoba manowari za Kiingereza zikashusha askari wakauchoma mji wa Witu, na wakaandika wamekwenda kuadhibu. Waliochoma mji ndo walioandika. Kwa hivyo mimi jina siliangalii sana, naangalia aliyelala chini. Wacheza ngoma wa Kikambala mimi siwezi kuwaita adui wa mtu yeyote, na maharusi wa Yemen vilevile.

Jeshi likitoka? Mimi kwa moyo wangu ningependa vijana wetu warudi, na naamini Shabaab wangepoteza neno lao kubwa. Lakini hayo ya kutuacha, angalia mwenzetu. Ethiopia ilitoka Januari 2009. Mvamizi kaenda. 3 Disemba mwaka uleule, Mogadishu, Hoteli Shamo, kulikuwa na mahafali ya chuo kikuu cha Benadir, watoto wa Kisomali wanapewa shahada za udaktari, mtu akaingia akajilipua kati yao. Madaktari, kwenye nchi isiyo na madaktari. Na 14 Oktoba 2017 lori pale Mogadishu likaua watu zaidi ya 500, Wasomali, wengi walikuwa kwenye foleni ya magari. Wale walikuwa wamevamia nchi ya nani?

Kadzo, swali lako ndo linaloniuma zaidi na sina jibu lote. Nadhani nyinyi hamkupata yule mjumbe. Dhulma mlikuwa nayo na mnayo, ila hakuna aliyewajia usiku na nauli na simu mpya na aya tatu alizozikata kichwa na miguu. Na pia wazee wenu walikaa karibu na vijana, kuna kaya, kuna wa kumwambia kijana keti. Huku wazee wetu tuliwaacha wale vijana peke yao, ndugu zao wakichukuliwa tulikuwa tunavuka upande wa pili wa usita ili tusionekane tunaongea na ile nyumba. Mimi mwenyewe nilivuka. Yule wa pili, kabla hajaenda, alikuja kwangu mara mbili akanikuta nina shughuli.

Wa Mpeketoni

Kaka hiyo ya mwisho nimeisoma mara tatu. Asante kwa kuisema.

Mimi nataka kuongeza moja tu, lile basi la Mandera, Disemba 2015. Walisimamisha basi wakasema Waislamu upande huu Wakristo upande huu, wale akina mama wa Kiislamu wakavua mitandio yao wakawafunga Wakristo vichwani, wakasema tuueni wote ama mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafa Januari. Msomali, wa kule kule, wa watu ambao serikali imewatesa zaidi ya mimi na wewe. Nikiwaza mjomba wangu nawaza na huyo. Kama Mpeketoni usiku ule tungekuwa tumechanganyika hivyo, sijui.

Bint Siyu

Yule wa tatu, mwenye boti, marufuku ilipoondolewa jarife ya baba yake aliishusha?

Mwana wa Langoni

Aliishusha. Nusu ilikuwa imeoza, ikabidi aikate. Ile nusu nyingine baba yake aliishona mwenyewe wiki mbili uani, mikono inamtetemeka, hataki kusaidiwa. Mama yao aliniita juzi anataka nimwandikie barua nyingine kuhusu yule wa kwanza, hii itakuwa ya nane. Naenda baada ya alasiri. Kama kuna mtu humu ana ndugu aliyechukuliwa na hajaonekana, aniandikie kwa faragha, nataka tuziweke zile barua pamoja tuzipeleke kwa siku moja.

Maji yashajaa naitwa chomboni, wengine nitawajibu usiku.